Fimbo ya Mama Ndivani

Ukifika kwenye ndiva yetu alasiri ya kiangazi, utakuta fimbo zimepanga foleni na wenyewe hawapo. Zimechomekwa kwenye udongo wa ukingo, moja nyuma ya nyingine, kuanzia mlango wa maji, na kila mtu mlimani anazijua kama anavyozijua sura za majirani. Ile yenye kichwa cha kirungu ni ya seremala. Ile iliyopinda katikati ni ya mzee mwenye migomba mingi kule bondeni. Hakuna anayezigusa. Mwenye fimbo anaweza kwenda zake kunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, akalala mpaka jua litoke. Fimbo yake inamshikia nafasi. Asubuhi ndiva ikishajaa, maji yanafunguliwa kwa kufuata fimbo.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku linakusanya maji ya mfereji unaotoka msituni, na mchana yanateremka mashambani kwa zamu. Kwetu ni Ugweno, juu kidogo ya Kighare, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaliona Ziwa Jipe chini likimetameta. Nilipita kwenye zile fimbo kila siku nikitoka shule, na sikuwahi kujiuliza kwa nini zote ni za wanaume. Swali hilo lilinijia nikiwa nimekwisha kumaliza chuo kikuu, na lilikuja kwa sababu ya maharage.

Fimbo ya baba ilikuwa ya mzeituni mwitu, nyeusi, imezungushiwa waya wa shaba shingoni. Baba alifariki nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni. Siku ya kumaliza matanga, mama alikwenda mwenyewe kuitoa nyuma ya kabati akamkabidhi baba mdogo mbele ya ukoo, na baba mdogo akasema atamsimamia shemeji yake maji. Wote tuliitikia kwamba ni vyema. Mimi ni mtoto pekee, tena wa kike, na hakuna aliyeniangalia wakati ule, nami nilishukuru kwamba hawakuniangalia.

Kiangazi cha kwanza, maji ya fimbo ile yalianza kwenye shamba la mama, yakaenda kwenye kahawa ya baba mdogo. Kiangazi cha pili yalianza kwenye kahawa. Cha tatu yalikuwa yakifika kwa mama yamebaki ya kulowesha vumbi.

Wakati huo nilikuwa nimepangiwa kazi Same, kwenye ofisi ya wilaya, upande wa vijiji vya ujamaa. Kule tambarare watu walikuwa wanahamishwa kutoka walikotawanyika ili waishi pamoja. Kwetu mlimani nyumba zilikuwa zimebanana tangu zamani, kwa hiyo kijiji kiliandikishwa pale pale kilipo, kikapewa mwenyekiti na mabalozi wa nyumba kumi, na maisha yakaendelea. Kazi yangu ilikuwa kufuatana na wakubwa kwenye Landrover, kukaa nyuma ya meza chini ya turubai, na kuandika waliyosema watu. Niliifanya kwa hofu. Nikirudi chumbani kwangu nilikuwa narudia kila sentensi niliyotamka mchana, nikitafuta ile ambayo ingekuwa imemuudhi mtu.

Siku moja dereva wa lori la ndizi alisimama nje ya ofisi akaniita.

"Dada, mama yako anasema maharage yanakauka. Kasema nikwambie hivyo tu, nisiongeze."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nami nataka kuongeza lakini nilimwahidi."

Nilikaa na yale maneno mchana kutwa. Kama ni maharage tu, kwa nini amtume mtu? Kama ni ugonjwa, kwa nini aseme maharage? Na kwa nini amkataze dereva asiongeze, kama hakuna cha kuongeza? Kufika jioni nilikuwa nimekwisha kumzika mama. Asubuhi niliomba ruhusa ya siku chache, nikapanda basi mpaka Mwanga, nikadandia lori hadi barabara ilipoharibika, nikamalizia kwa miguu.

Mama hakuwa mgonjwa. Nilimkuta shambani anapalilia mimea iliyojikunja majani kama mikono ya watu wanaosikia baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko Same hawapiki?"

"Wanapika. Mama, umenitisha."

"Nimekutisha kwa maharage?" Aliinuka akajishika kiuno. "Yapo kwenye maua. Yakipata maji wiki hii, yatabeba. Yasipopata, nitakula magimbi mpaka masika, na sitakuwa na mbegu ya kupanda hayo masika yakifika. Nimekwenda kwa baba yako mdogo mara nyingi, miguu imechoka. Sasa nenda wewe. Wewe ni mtu wa kusikilizwa."

Hilo la kusikilizwa lilinitia wasiwasi kuliko maharage.

Baba mdogo alikuwa anaanika kahawa barazani. Sio mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Ana watoto wengi, mke wake ana kifua, na karo ya yule mkubwa ilikuwa inatoka kwenye ile kahawa. Nilimwamkia kwa Kigweno, naye akanijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Marahaba, Ndugu Afisa. Karibu kiti. Umekuja na gari la serikali au kwa miguu kama sisi wananchi?"

"Kwa miguu, baba mdogo."

"Aa. Basi umekuja kama mtoto."

"Nimekuja kwa ajili ya maji ya mama."

"Maji ya mama," alirudia, akageuza kahawa kwa kiganja. "Ile ni fimbo ya marehemu kaka. Nimepewa mbele ya watu. Mfereji ukibomoka, ni mimi ninayepanda msituni na jembe. Mgawa maji akiita watu kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, ni jina langu linaloitwa. Shemeji anataka maji ya fimbo bila kazi ya fimbo?"

"Mama anabeba mawe kwenye msaragambo kila mara."

"Anasaidia. Wanawake wote wanasaidia. Lakini kipande cha mfereji si chake, ni changu. Kikivuja wananitukana mimi." Alinitazama, na sauti ikapungua ukali. "Mwanangu, mwambie mama yako achomeke fimbo yake, basi. Mimi sitaing'oa. Ila sitamzuia atakayeing'oa."

Aliyasema kwa utani, nadhani. Lakini niliyabeba mpaka nyumbani nikiyapima kila upande.

Mimi ni mtu wa kufikiri sana juu ya vitu visivyotakiwa kufikiriwa, na njiani nilianza kufikiri juu ya fimbo. Kambini, mwaka ule wa kulitumikia taifa baada ya chuo, afande wetu alikuwa na kifimbo kifupi anachokibana kwapani. Hakuwahi kutupiga nacho. Alikuwa anakielekeza tu, huku au kule, na kundi zima la wasomi linakimbia huko. Siku moja alituamuru tuchuchumae uwanjani, akaweka kifimbo juu ya kiti, akaenda kuitikia simu. Tulikaa tumechuchumaa jua kali, magoti yanatetemeka, na hakuna aliyenyanyuka kwa sababu kifimbo kilikuwa kinatuangalia. Baadaye tuligundua kwamba afande amekwenda kula na amekisahau. Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka vizuri, maana niliona kwamba kipande cha mti kilikuwa kimetuamuru sawasawa na mwenyewe.

Maktaba ya chuo ilikuwa na kitabu chenye picha za watu wa visiwa vya Samoa, huko Bahari ya Pasifiki. Picha moja ilikuwa ya msemaji wa ukoo amesimama uwanjani, fimbo ndefu kuliko yeye mbele yake, usinga begani. Maelezo yalisema kwamba wasemaji wakikutana, kwanza wanabishana kwa heshima kuamua nani kati yao atasema siku hiyo, na waliobaki wanaketi. Nilikuwa nimeitazama ile picha muda mrefu, nikiwaza kwamba hawa watu wa mbali hivyo wangeielewa ndiva yetu bila kuelezwa. Sikumwambia mtu. Katika semina zetu tulikuwa tunajadili njia kuu za uchumi.

Fimbo ya mwalimu wa darasa la tatu, fimbo ya mchungaji wa Kimasai anayesimama kwa mguu mmoja kando ya barabara ya Same, mkongojo wa bibi ambao alikuwa anatugonga nao vifundoni kwa upendo: zote zilinipitia kichwani. Kila moja ilisema jambo kuhusu mtu aliyeishika. Na mama hakuwa na hata moja. Akifa kesho, niliwaza, hakuna kitu cha kuchomeka mahali na watu wakasema, huyo ni yeye.

Nilipofika nilimweleza mama aliyosema baba mdogo. Kisha nikamtolea mpango niliokuwa nimeutengeneza njiani. Ningekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Sikuwa na madaraka yoyote juu yake, lakini alikuwa ameniona nimekaa na wakubwa chini ya turubai. Ningemwambia kwa upole kwamba ofisi ingependa kujua kama akina mama wajane wanapata maji, kwa kuwa siasa yetu ni ya usawa. Angetetemeka. Kesho yake mama angekuwa wa kwanza kwenye ndiva.

Mama alisikiliza huku anachagua mahindi.

"Na wewe utarudi Same lini?"

"Ruhusa ikiisha."

"Na mimi nitabaki na nani hapa? Na mwenyekiti aliyetetemeka?" Alipuliza pumba. "Watanipa maji kwa kukuogopa wewe. Siku ukihamishiwa Lindi, watanidai kila tone."

"Sasa tufanye nini?"

"Si amesema nichomeke fimbo?"

"Mama, alikuwa anakutania."

"Nami nitaitikia utani."

Alichukua panga akaenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa miti ya mipaka. Alikata tawi lililonyooka, akalichonga ncha, akalibandua gome. Lilikuwa jeupe na lina utomvu. Nilimfuata kuelekea ndivani nikiwa na maneno mengi kooni. Je, kuna adhabu ya kuchomeka fimbo isiyotambuliwa? Je, wakimcheka? Je, ni mimi niliyepeleka maneno vibaya?

Alasiri ile kulikuwa na fimbo saba au nane kwenye ukingo, na ya baba ilikuwa ya tatu, waya wake unang'aa. Mgawa maji alikuwa ameketi kwenye jiwe lake. Ni mzee mfupi mwenye kikohozi, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Kando yake walikuwapo seremala na wanaume wengine wawili. Mama aliwaamkia, akapita, akaenda mwisho kabisa wa foleni, akachomeka.

Seremala aliinama kuitazama. Kisha akauliza, "Hiyo ni fimbo au ni kuni?"

"Wewe ndiye fundi," mama akamjibu. "Unashindwa kutambua mti?"

Wale wawili walicheka. Seremala naye akatabasamu, lakini hakuacha. "Shemeji, hiyo ni mbichi. Mvua ikinyesha itaota majani."

"Ikiota nitachonga nyingine."

"Mgawa maji, wewe unasemaje?"

Mgawa maji alikohoa muda mrefu kuliko alivyohitaji. "Mimi nagawa maji," alisema. "Sigawi fimbo. Fimbo ikiwapo asubuhi, ipo. Isipokuwapo, haipo." Akamtazama mama kwa pembeni. "Lakini wewe unajua kwamba fimbo ina kazi yake. Mwenye fimbo ana kipande cha mfereji. Msaragambo ukiitwa utatoa mtu gani?"

"Nitatoa mimi."

"Kule juu kwenye mwamba?"

"Hata huko."

Alikohoa tena, akaangalia maji. Tukarudi nyumbani.

Mama alipika makande, akala vizuri, akalala. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona fimbo imeng'olewa kwa kila namna. Niliwaza kwenda kuilinda, nikawaza kwamba kuilinda ni kukiri kwamba haina haki ya kusimama yenyewe. Niliwaza kwamba labda hilo ni wazo zuri, na kwamba labda ni uvivu tu. Hivyo ndivyo nilivyo.

Asubuhi, ukungu ulikuwa bado haujapanda, tulikwenda. Fimbo zote zilikuwa zimesimama isipokuwa ya mama. Yake ilikuwa imelala kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye shimo lake.

Niliinama kuchunguza. Niliona nyayo za mbuzi kwenye tope, nikamwonyesha mama kwa matumaini. Pia kulikuwa na nyayo za viatu, lakini ndivani kila siku kuna nyayo za viatu. Upepo usingeweza kuitupa mbali vile. Au ungeweza? Udongo ulikuwa mlaini pale mwisho. Nilikuwa bado nimeinama, najenga kesi na kuibomoa, mama alipoiokota ile fimbo, akaifuta kwa khanga, akaichomeka tena pale pale. Kisha akatandika khanga yake ya pili, akakaa chini kando yake, amenyoosha miguu.

"Mama, fimbo inachomekwa ili mtu asikae."

"Ya kwangu bado ni changa. Nitakaa nayo."

Watu walianza kufika. Kila mmoja aliziona zile fimbo, akamwona mama, akaamkia. Mwanamke mmoja wa jirani, anayepita na ndoo, alisimama.

"Heee, mama mwenye fimbo. Na ndevu utaota lini?"

"Nikishavuna maharage," mama akasema.

Yule jirani alicheka mpaka akatua ndoo. Lakini hakuondoka mara moja. Alisimama akiitazama fimbo, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni mti gani, na kama unapatikana kwenye ua wa kila mtu.

Mgawa maji alizibua. Maji ya fimbo ya kwanza yakaenda, ya pili yakaenda. Baba mdogo alikuja zamu yake ilipofika, jembe begani. Alimwona mama amekaa pale chini, akasimama. Nilitazama viatu vyake, vile vya matairi, na nyayo zake kwenye tope, na najua kwamba alinitazama nikivitazama.

"Shikamoo, baba mdogo."

Safari hii alinijibu kwa Kigweno. Akamgeukia mama. "Shemeji, umelala hapa?"

"Nimefika sasa hivi. Mbuzi wa mtu alinisumbulia fimbo."

"Mbuzi," alisema.

"Nadhani ni mbuzi."

Aliing'oa ile nyeusi ya baba kama desturi ilivyo mtu akichukua zamu yake, akaenda kuyaelekeza maji kwenye kahawa. Kwa muda nilimchukia, na kwa muda nikamhurumia, na bado sijui ni lipi lililokuwa sahihi. Sitajua kama ni yeye aliyeing'oa, au seremala, au mbuzi. Nilimuuliza mama baadaye anadhani ni nani, akasema hilo si swali la mtu mwenye shamba.

Jua lilipanda. Fimbo ziliondoka moja moja mpaka ikabaki ile nyeupe peke yake kwenye ukingo wote. Mgawa maji akatumbukiza ufito wake ndivani kupima kina, akautoa, akautazama palipolowa. Yalikuwa yamebaki machache. Angeweza kuziba, kwa kisingizio cha kuachia ndiva ijae, na hakuna ambaye angemlaumu. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye mawe wakisubiri kuona. Mimi nilishika pindo la sweta langu kwa mikono miwili.

"Imebaki fimbo ya nani?" aliuliza, kama desturi ya mwisho wa zamu, ingawa alikuwa anaiona na anamwona mwenyewe.

"Yangu," mama akasema.

Mgawa maji alikohoa. "Basi ing'oe, uende. Nafungua."

Mama aliinuka taratibu kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Aliing'oa fimbo, akaishika pamoja na jembe, na tukateremka mbio mbio kando ya mtaro, mimi nikitangulia kuziba matundu kwa majani ya mgomba. Maji yalikuja polepole, yamebeba povu na vijiti. Yaliingia kwenye tuta la kwanza yakanywewa mara moja. Yakaingia la pili. Tulikuwa tunayageuza kwa jembe na kwa mikono, hatuongei. Yalilowesha zaidi ya nusu ya shamba, kisha yakawa uzi, kisha tope. Matuta ya chini yalibaki makavu. Mama aliyatazama, akasema hayo atayafikishia maji zamu ijayo, akiwahi kuchomeka.

Tulikuwa bado tunanawa mikono mgawa maji alipoteremka hadi ukingo wa shamba. Hakuingia.

"Msaragambo ni kesho kutwa," alisema. "Kipande chako kinaanzia kwenye mwamba ule unaovuja mpaka kwenye mti wa mkuyu. Njoo na jembe na karai."

"Mwamba unaovuja?"

"Ndicho kilichobaki."

Akaondoka. Mama alibaki amesimama na mikono inachuruzika maji. Kisha akaanza kulalamika. Alilalamika njia nzima hadi nyumbani, kwamba kipande kile kila mtu anakikwepa, kwamba seremala ana kipande cha udongo mtupu na ni kijana mwenye nguvu, kwamba mwamba ule unataka simenti na simenti haipo, kwamba mgawa maji ana upendeleo na baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia malalamiko hayo. Ndivyo baba alivyokuwa akirudi kutoka ndivani kila kiangazi, karibu neno kwa neno, na mama akimwambia anyamaze ale.

"Mama," nikasema, "nyamaza tule."

Hakunyamaza. Aliiegemeza ile fimbo nje ya mlango, akaingia jikoni kupasha makande, akaendelea kulalamika humo ndani, kwa sauti ya kutosha majirani wasikie. Nami nilikaa barazani nikihesabu kama ruhusa yangu itafika kesho kutwa, maana kwenye ule mwamba angehitaji mtu wa kumshikia karai.